Sifa za Bomba A na Bomba B

Washairi wetu wameusifu mnazi, lakini kazi ya ziada ya hisabati hawajaitungia hata ubeti. Niacheni niisifu mimi, ambaye jioni zangu za muhula imezila zote.

Fadhila zake ndogondogo nazipita mbio. Huleta umoja nyumbani, maana baba, mama na mjomba hushindwa kwa pamoja. Humpa mtoto bikari, chuma chenye ncha ambacho shule yenyewe imekihalalisha. Tena ndani yake, na humo pekee, bei ya embe la Makueni haishuki dalali akitokea.

Ila sifa yake kuu ni ukarimu wa maji. Huku kwetu Kitui na Makueni, Tiva na Thwake hubaki mchanga mtupu kwa miezi mingi, na punda hujua njia ya kisimani kuliko mwenyewe. Kazi ya ziada haijali. "Bomba A hujaza tangi kwa saa 3. Bomba B hulijaza kwa saa 6." Tazama adabu ya mabomba haya! Hayakohoi hewa. Hayana mgao wa Jumanne na Ijumaa. Hayangoji mwaka wa uchaguzi. Mwisho wa Septemba, silanga likiwa limekauka hadi nyufa, A na B yanamimina tu, kwa kasi ileile, bila foleni ya mitungi. Mtoto aliyetoka kuchota maji kwenye shimo la mchangani anaketi, anafungua daftari, na kwa penseli anajaza tangi zima. Serikali gani imewahi kusambaza maji kwa bei hiyo?

Kisha linakuja bomba C. Hili humaliza maji ya tangi kwa saa 4. Yote matatu yakiwa wazi, tangi litajaa kwa muda gani?

"Baba, si wafunge C?"

Nikamwambia aandike hivyo hivyo. Daftari likarudi na msalaba mwekundu na agizo: onyesha njia. Njia tunaijua. Thuluthi, jumlisha sudusi, toa robo. Inabaki robo, basi saa 4. C likifungwa, ni saa 2. Saa mbili nzima zinamwagika, hakuna anayeuliza nani alilifungua, na mtoto anapewa alama kwa kulizoea! Samahani, nilikuwa nasifu.

Ndiyo maana nilishukuru mwaka 2025, wizara ilipobadili nia na kuirudisha hisabati kuwa ya lazima katika Sekondari Pevu. Vichwa vinahitajika. Mpakani mwa Kitui na Makueni kuna bwawa la Thwake: kimo mita 80.5, maji mita za ujazo milioni 688, jiwe la msingi 2018, tarehe ya kukamilika ikisogezwa kila mara. Tafuta x, mwaka ambao maji yatafika bombani. Mwanangu amejaribu kwa mlinganyo, amejaribu kwa grafu. Nimemwambia alisome swali upya, huenda waliolitunga wamesahau kutaja bomba C.