Mbuzi wa Fainali

(Newala, Jumapili mchana, msimu wa korosho ukielekea ukingoni. Wenyeji wanawasubiri vijana wa Masasi kwa fainali. Zawadi ya mshindi, beberu mmoja mnene, amefungwa kwenye mlingoti wa goli. Juu ya mlingoti ametua kunguru. Refa hajafika, kwa hiyo uchambuzi umeshaanza.)

MBUZI: Shikamoo, Babu Mlingoti. Samahani kwa kamba.

MLINGOTI: Marahaba, mjukuu wangu. Nimeshazoea. Kila mwaka nafungiwa mmoja, na kila mwaka swali ni lilelile.

MBUZI: Nani atashinda?

MLINGOTI: Ndilo hilo. Na jibu langu halibadiliki: tazama straika. Mimi nawajua wafungaji mmoja mmoja, maana wote huishia hapa kwangu.

KUNGURU: Waliofika unawajua. Waliowafikisha je?

MLINGOTI: Huyu naye katoka wapi?

KUNGURU: Mtani wako wa Masasi. Nimetangulia kupanda mlima, gari la wenzangu bado linahema huko chini.

MLINGOTI: Masasi mtatufundisha mpira? Mlikuwa na timu ya Ndanda, jina la kwenu, nyumbani kwake Mtwara mjini. Ikapanda Ligi Kuu 2014, ikashuka 2020.

KUNGURU: Na ninyi Newala mna nini?

MLINGOTI: Tuna maoni.

KUNGURU: Hayo ninayasikia hata nikiwa angani. Babu, wewe unaona mguu wa mwisho tu. Mimi uwanja wote nauona. Chukua Mbwana Samatta. Msimu wa 2018/19 Genk wanatwaa ubingwa wa Ubelgiji, yeye ana mabao 23 ya ligi. Nyuma yake yuko Trossard, yuko Malinovskyi, mipira inamjia hata asipoomba. Januari 2020 anakwenda Aston Villa, timu inayohangaika isishuke daraja. Mechi 14 za ligi, bao moja.

MLINGOTI: Baridi ya Uingereza ilimshinda.

KUNGURU: Ubelgiji kuna joto?

MLINGOTI: Sisi hapa tulisema ameisha.

KUNGURU: Mlisema. Kwanza mlijaza kurasa za Villa mitandaoni kwa Kiswahili, kisha mkasema ameisha, yote ndani ya miezi michache. Hakuna aliyeuliza nani anampa mpira. Samatta ameshapaa, mwenye krosi bado anapiga chenga kule pembeni. Machi 2020 pale Wembley, fainali ya Kombe la Ligi na Manchester City, ilikuja krosi moja ya maana. Akaizamisha kwa kichwa. Mtu aliyeisha anafunga Wembley?

MBUZI: Jamani, mimi nauliza ya leo.

MLINGOTI: Subiri, mjukuu. Kunguru, na Mayele wa Yanga utasemaje? Yule alifunga kwa kila beki aliyemkuta.

KUNGURU: Msimu wa 2021/22 Mayele alifunga mangapi?

MLINGOTI: Kumi na sita.

KUNGURU: Na kiatu cha dhahabu alichukua nani?

MLINGOTI: George Mpole. Kumi na saba, akiwa Geita Gold.

KUNGURU: Mpole alikuwa anashangilia vipi?

MLINGOTI: ...

KUNGURU: Lakini kutetema kwa Mayele unakujua. Watoto wa Newala nzima wanatetema, hata waliokosa goli wanatetema. Mpole alifunga zaidi. Mayele alikuwa mwisho wa mtambo wa kocha Nabi: Djuma Shabani anapanda kulia, Feisal anapenyeza, Aucho anaokota kila kinachodondoka. Jina likabaki kwa aliyekuwa na mtambo na mashabiki nyuma yake.

MLINGOTI: Mtambo, mtambo! Usimvue mtu jasho lake.

KUNGURU: Simvui. Nasema 2023 aliondoka, Nabi naye akaondoka, tukaambiwa Yanga wataisoma namba. Kocha Gamondi akaja, mabao akayagawa kama ubwabwa wa msibani, kila mtu na kijiko chake. Novemba 5, 2023, Simba wakala tano kwa moja, Mayele yuko Misri. Mwisho wa msimu mfungaji bora ni Aziz Ki, kiungo, mabao 21. Msimu wa 2024/25 ni Ahoua wa Simba, kiungo tena, 16. Straika anakimbia kuwavuta mabeki, kiungo anapita palipoachwa wazi. Redioni jioni wanauliza straika wetu ana tatizo gani.

MLINGOTI: Umemaliza? Sasa nisikilize. Huyo Mayele wako wa mtambo alikwenda Pyramids. Kocha mwingine, wenzake wengine, ligi nyingine. Juni 2025 wakachukua ubingwa wa Afrika, na kwenye fainali ya Cairo, mbele ya Sundowns, bao la kwanza kafunga nani?

KUNGURU: ...Mayele.

MLINGOTI: Teta sasa.

KUNGURU: Hapo umenipiga chenga, babu. Wapo wachache wanaohama na mguu wao. Ila ukitaka kuwapima, ngoja wahame kwanza. Ninyi mnawapima siku ya kwanza, wakiwa bado wanatetema.

MBUZI: Mwaka jana aliyefunga bao alipewa nini?

MLINGOTI: Paja.

MBUZI: Aliyetoa pasi?

MLINGOTI: Mchuzi. Kama alikuwa karibu na sufuria.

MBUZI: Na beki wa pembeni aliyekimbia mpaka akatapika?

MLINGOTI: Alipewa kazi ya kumchuna yule... samahani, mjukuu.

MBUZI: Usijali. Kwa hiyo mwaka huu kila mtu anataka kufunga?

(Noah ya Masasi inaingia. Kunguru anaruka, anazunguka juu yake, anarudi.)

KUNGURU: Wameshuka. Jezi mpya, hela za korosho. Nimehesabu namba tisa mgongoni mara sita.

MBUZI: Na wenyeji?

KUNGURU: Mastraika wawili wanagombea utepe wa unahodha. Yule kijana mfupi anayechezesha timu wamemwacha nje, hakuchangia jezi.

MBUZI: Timu mbili, hakuna wa kumpa mwenzake pasi. Bila kwa bila!

MLINGOTI: Usifurahi mapema, kuna matuta.

MBUZI: Giza linaingia saa ngapi?

MLINGOTI: Saa kumi na mbili na ushee.

MBUZI: Na refa yuko wapi?

KUNGURU: Kivulini, anadai posho yake kwanza.

MBUZI: Wasimpe haraka. Babu, nikumbatie hapo kwenye fundo, lilegee kidogo. Naona majani mazuri kule katikati ya uwanja, na leo hakuna atakayeyakanyaga.