Pikipiki Isiyo na Magurudumu

Jenereta ya kubebeka ni mashine yenye sehemu kuu mbili zilizofungwa katika fremu moja ya bomba: injini inayochoma petroli, ambayo ni ndugu wa damu wa injini ya bodaboda, na altaneta, yaani mtambo wa nyaya za shaba na sumaku ambao ukizungushwa na injini hiyo hutoa umeme wa volti 230 kama ule unaopita kwenye nguzo za mtaani. Wenye nyumba wengi huikumbuka sehemu ya pili na kuisahau ya kwanza, na karibu kila kisa cha kuchekesha au cha kusikitisha kinachohusu mashine hii huanzia katika usahaulifu huo. Mtu ambaye hata kwa kulipwa hawezi kuiacha pikipiki ikinguruma usiku kucha kando ya kitanda huifanyia jenereta jambo hilohilo bila wasiwasi, kwa kuwa haina magurudumu na kwa kuwa aliyemuuzia aliiita umeme.

Igoma, kata ya Wilaya ya Nyamagana jijini Mwanza iliyo kando ya barabara iendayo Musoma, ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili, kwa sababu ni mji wa saluni, mashine za kusaga, mafundi wa kuchomelea na friji zilizojaa sato. Mgao wa umeme, yaani utaratibu wa kukatiwa kwa zamu pale uzalishaji unaposhindwa kufikia mahitaji, uliikumba nchi mwaka 2006 kutokana na ukame, ukarudi mwaka 2011, kisha ukarudi tena mwaka 2023, na kila msimu wa namna hiyo uliacha jenereta katika stoo za watu kama mafuriko yaachavyo konokono ukutani. Ununuzi wenyewe hufanyika saa ambayo busara imepungua, aghalabu siku ya pili ya giza, friji ikiwa imeanza kutoa maji kwa chini. Ni kweli kwamba friji iliyofungwa huhifadhi baridi kwa saa nne hivi, na friza iliyojaa huweza kufikisha siku mbili. Lakini kanuni hiyo haina nguvu katika nyumba ambayo kila mwanafamilia huufungua mlango kila baada ya dakika kumi ili kuhakikisha kwamba baridi bado ipo.

Dukani, mnunuzi hukutana na namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa mashine. Namba hiyo mara nyingi ni ya kilele, yaani mzigo ambao mashine huweza kuubeba kwa sekunde chache tu kabla ya kulalamika, ilhali namba inayomfaa mwenye nyumba ni ile ya mzigo wa kudumu, ambayo huandikwa kwa herufi za sisimizi kwenye kibati cha nyuma. Wakati mwingine namba ya ubavuni si wati kabisa bali ni jina la toleo, na mnunuzi hurudi nyumbani akiwa amenunua jina. Kuna pia kipimo cha kVA, ambacho muuzaji hukipenda kwa sababu namba yake huwa kubwa kuliko ya kilowati: kwa vifaa vyenye mota, kVA 2.5 huweza kuwa sawa na kilowati 2 tu.

Igoma huongeza hesabu yake yenyewe, ambayo haijaandikwa kwenye boksi lolote. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nyumba za Igoma ziko juu zaidi ya hapo. Hewa ya kimo hicho ni nyepesi, na injini ya kabureta hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Kwa hiyo jenereta ya wati 2,000 iliyopimwa kwenye usawa wa bahari huweza kufanya kazi yake kamili Dar es Salaam, lakini ikishushwa kwenye basi Mwanza huwa imekwisha kupungua hadi kama wati 1,750, na hakuna konda wa kulaumiwa.

Athari ya upungufu huo huonekana Jumapili asubuhi. Taa tano za LED zenye wati 9 kila moja, runinga ya wati 80 na friji ya wati 150 hukaa kwa amani, na mwenye nyumba hutembea uani mikono ikiwa nyuma, kama mkurugenzi wa shirika. Kisha kitenge cha kwendea kanisani hutaka kunyooshwa, na pasi ya wati 1,200 huchomekwa. Jumla bado haijafika 1,500, na kwenye karatasi mambo ni mazuri. Lakini friji ina kompresa, yaani mota inayosukuma gesi ya baridi, na mota yoyote inapoanza kuzunguka hudai nguvu mara kadhaa ya ile inayoitumia ikishatulia. Kompresa hiyo, ambayo hulala na kuamka kwa hiari yake, huchagua kuamka wakati pasi iko kwenye pindo la mwisho. Injini hukohoa, taa hupungua hadi rangi ya kibatari, runinga hujizima, na familia huingia kanisani ikiwa na upande mmoja ulionyooka. Kabla ya kununua, basi, yafaa kuorodhesha vifaa vitakavyowaka kwa pamoja, kuongeza mahitaji ya kuwasha ya mota iliyo kubwa kuliko zote, na kuacha akiba ya robo. Au, kwa njia iliyo rahisi zaidi, kuamua kwamba siku ya jenereta ni siku ya pasi ya mkaa.

Swali la pili, ambalo ni zito kuliko la wati, ni mahali pa kuiweka mashine. Mwenye nyumba huwaza wezi kwanza, mvua baadaye, na moshi mwisho, au asiuwaze kabisa. Hivyo jenereta huwekwa kwenye korido, au stoo iliyopakana na chumba cha watoto, mlango ukiachwa wazi kidogo kwa imani kwamba moshi una adabu ya kutoka wenyewe. Injini hutoa kabonimonoksaidi, gesi ileile ya jiko la mkaa linaloachwa chumbani, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo huishika himoglobini, yaani sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Na hapa Kanda ya Ziwa, mtu mwenye dalili hizo hamtafuti mtuhumiwa mbali, husema ni malaria. Nyumba nzima, pamoja na mgeni aliyefika jioni ileile, hupatwa na malaria kwa saa moja. Dawa ya mseto hutafutwa, madirisha hufungwa ili mbu wengine wasiingie, na jenereta huendelea kunguruma ili wagonjwa wapate mwanga. Hapo kicheko hukoma, kwa sababu anayelala ndani ya gesi hiyo huenda asiamke. Watu kadhaa wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja huku injini ikiwaka, kinachotakiwa ni wote kutoka nje, mashine izimwe na hospitali ifuatwe, na vipimo vya malaria vije baadaye.

Kanuni inayotajwa sana ni kwamba jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka kwenye mlango, dirisha au tundu lolote la hewa, ekzosi ikielekezwa mbali. Kanuni hii huonekana kutungwa na watu wenye viwanja. Katika sehemu za Igoma zilizobanana, mita 6 kutoka dirisha la mwenye jenereta ni mita 2 kutoka dirisha la jirani, ambaye hapati mwanga wala mpira wa runinga bali hupata moshi na kelele. Kiwanja kisichotosha hakina ujanja: mwenye nacho hana mahali pa jenereta, na fedha yake ingemfaa zaidi kwenye betri, inveta na paneli ya sola, vifaa visivyotoa moshi. Mwenye nafasi na ajenge kibanda cha paa la bati kisicho na kuta, sakafu iwe ya zege, na kwenye zege hiyo achimbie pete ya chuma ya kufungia mnyororo. Mwizi hazuiwi na korido kuliko anavyozuiwa na mnyororo.

Kuunganisha ndiko kunakozalisha uvumbuzi wa hatari kuliko wote: waya wenye plagi pande zote mbili, ambao upande mmoja huchomekwa kwenye jenereta na wa pili kwenye soketi ya sebuleni, ili nyumba nzima iwake kinyumenyume. Mvumbuzi husahau kwamba barabara ya kuingilia umeme ndiyo ya kutokea. Meinswichi isipozimwa, umeme wake hutoka hadi kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma, ambayo kazi yake ni kupunguza volti, ikilishwa kwa nyuma huzipandisha, hata laini ya volti 11,000 au 33,000 ambayo fundi aliye juu ya nguzo anaamini imekufa ikapata uhai. Umeme wa mtaani ukirudi ghafla, nao huikuta jenereta njiani, na watoto wanaoshangilia kwamba umeme umerudi hushangilia pia, bila kujua, kuungua kwa altaneta. Na plagi ikichomoka, meno yake huwa uchi na yana volti 230.

Dawa yake ni swichi ya kubadilishia, ambayo mafundi huiita chenjiova: kifaa chenye nafasi tatu, mtaani, katikati na jenereta, kilichotengenezwa hivi kwamba vyanzo viwili haviwezi kukutana hata mtu akitaka. Kifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Asiyekuwa na uwezo wa kukifunga atumie ekstensheni nene kutoka jenereta moja kwa moja hadi kwenye friji, na aikubali aibu ya waya kupita sebuleni.

Fundi huyo atataka pia ethi, yaani nguzo ya shaba inayopigiliwa ardhini ili umeme uliovuja upate njia ya kwenda chini badala ya kupitia kwa mtu. Mwanza huitwa jiji la miamba, na hapo ndipo jina hilo huacha kuwa pambo. Nguzo ya mita 1.2 huingia kwa heshima futi moja, hukutana na jabali, hupinda, na fundi asiye mwaminifu huikata kwa msumeno na kufukia kipande kilichobaki, kichwa kikichungulia kwa fahari kama cha nguzo kamili. Fundi mwaminifu hutafuta udongo wenye unyevu kati ya mawe, au hulaza waya wa shaba ndani ya mtaro mrefu, kisha hupima kwa mita mbele ya mwenye nyumba.

Petroli nayo ihifadhiwe nje ya nyumba ya kulala, kwenye chombo chake chenye alama, kwa kuwa dumu la njano lililowahi kubeba mafuta ya kula huendelea kuaminiwa na wapishi. Ijazwe mchana, injini ikiwa imezimwa na kupoa, na anayeimimina asiangaziwe kwa mshumaa.

Tangu Februari 2024, mashine tisa za Bwawa la umeme la Julius Nyerere, zenye megawati 235 kila moja, zilipoanza kuwashwa moja baada ya nyingine, jenereta nyingi zimekaa kimya, baadhi zikiwa na kuku wanaoatamia juu ya tangi. Petroli ya zamani hugeuka utomvu ndani ya kabureta, na usiku zitakapohitajika kamba itavutwa hadi bega liteguke. Mwenye nayo na aiwashe mara moja kwa mwezi, nusu saa, ikiwa na mzigo, ikiwa nje, baada ya kumhamisha kuku.