Muulize Shangazi: Makombo, Kitambi cha Heshima na Chai ya Sanamaki

Wiki hii mfuko wa barua umekuja mzito kuliko wenyewe walioandika, na kila bahasha ina malalamiko ya kilo. Nimewachagua wazazi peke yao. Wasio na watoto wana muda wa kusubiri. Wenye watoto hata barua wameandika kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umeshika chupa ya uji. Tuanze.

Shikamoo Shangazi. Nina watoto watatu na kilo 88. Naamka saa kumi alfajiri, nashika daladala kwenda mjini, narudi nyumbani saa mbili usiku. Kwenye simu nimepata ratiba ya siku 30: alfajiri nikimbie kilomita tano, asubuhi nile shayiri na matunda ya beri, mchana samaki aina ya salmoni, jioni saladi. Siku ya tatu nililala kwenye daladala nikapitiliza kituo. Usiku watoto walikula chipsi za barabarani kwa sababu mama yao alikuwa bado anakata saladi. Nimekosea wapi? — Mama Beri, Mbezi, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu. Ratiba hiyo imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kutafuta soksi ya pili ya mtoto gizani, umeme ukiwa umekatika. Kabla ya kuanza jambo lolote la kupungua, jiulize: nitaliweza siku mtoto ana homa, foleni imesimama na bosi amenuna? Likishindwa mtihani huo, liache. Mzazi hupunguzwa na yale anayoweza kuyafanya siku mbaya, kwa sababu siku mbaya ndizo nyingi.

Twende jikoni. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina kalori 8,000 na ushee. Ikiisha kwa siku tatu katika nyumba ya watu watano, kila mmoja amekula wastani wa kalori zaidi ya 500 kwa siku, na hapo hatujagusa ugali. Mafuta hayo hayamshibishi mtu wala hayaonekani kwenye sahani. Kwa hiyo acha kumimina kutoka kwenye dumu kwa jicho. Pima kwa kijiko. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori zipatazo 120, na sufuria ya mchicha haihitaji vitano.

Kuhusu salmoni, mwache huko baharini kwao. Dagaa wa Mwanza wana protini ya kutosha na wanaliwa na mifupa yao, kwa hiyo na kalsiamu umepata. Kwenye sahani, nusu iwe mboga: matembele, mchicha, kabichi, chochote kilichopo gengeni. Robo iwe dagaa, maharage au samaki. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali au wali. Na sahani hiyohiyo wale watoto na baba yao, ili usipike mara mbili na asiwepo anayekula saladi peke yake kama mfungwa.

Sasa makombo. Akina mama wengi wanakula milo miwili kwa mpigo: sahani yao, kisha sahani za watoto. Nusu chapati ya huyu, wali wa yule, andazi lililong'atwa pembeni na wa tatu. Hakuna anayeyahesabu kwa sababu yanaliwa wima mbele ya beseni la vyombo, na majumbani mwetu kuna imani kwamba chakula cha wima hakinenepeshi. Wapakulie watoto kidogo, wakitaka wataongezewa. Kitakachobaki kifunikwe kiwe kiporo.

Na mbio za alfajiri zisikuondolee usingizi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea haraka kunahesabika. Zamani lilitaka mazoezi yafululize walau dakika 10. Mwongozo wa mwaka 2020 uliliondoa sharti hilo. Kwa hiyo dakika sita za kutoka kituoni zimo, na dakika nne za kupanda ngazi ofisini zimo. Shuka kituo kimoja kabla ya chako. Safari hii ushuke kwa kukusudia.

Shangazi, mimi ni baba wa familia na mtumishi mwenye nafasi yangu. Mke wangu amenenepa baada ya watoto wawili. Nimemlipia jimu miezi mitatu, haendi, anasema hana muda. Mimi mwenyewe nina kitambi kidogo cha heshima kinachoendana na cheo. Nimshauri vipi ajitambue? — Mheshimiwa, Dodoma

Mheshimiwa, nimeisoma barua yako mara mbili nikimtafuta mtu anayebaki na watoto wakati mama yupo jimu. Hayumo. Umelipia mashine na kiyoyozi, saa ya kwenda hukuilipia, na saa ndiyo aliyokuwa anaiomba.

Tukirudi kwenye heshima yako: azima tepu ya fundi cherehani, ipitishe usawa wa kitovu, toa pumzi kama kawaida. Usivute tumbo ndani; hapo hakuna mpiga picha. Kwa mwanamume, sentimita 94 ni mwanzo wa hatari, na kuvuka 102 hatari ya kisukari cha aina ya pili, presha na maradhi ya moyo inaongezeka sana. Kwa mwanamke mipaka ni 80 na 88. Mafuta yanayozunguka matumbo na ini yana madhara kuliko yale ya mapajani, kwa hiyo huenda mkeo aliyenenepa nyonga ana nafuu kuliko wewe mwenye miguu ya korongo na tumbo la cheo.

Hesabu na Ijumaa yako. Bia ya mililita 500 ina kalori zipatazo 200. Nne ni 800, nyama choma haijafika mezani, na ndizi za kukaanga zinakuja nyuma yake.

Nakuandikia dawa. Jioni tatu kwa wiki uwe nyumbani saa kumi na mbili: uogeshe watoto, usimamie kazi zao za shule na upike chakula cha usiku. Kupika kutakufundisha mafuta yanaingia mangapi kwenye sufuria unayoilaumu. Mkeo jioni hizo atoke, akitaka aende jimu, akitaka atembee na shoga yake, akitaka alale. Asiulizwe. Jumamosi asubuhi cheza rede na watoto, wewe ukae kati. Ukimaliza raundi tatu za kukwepa mpira, andika tena barua utuambie kitambi kimesemaje.

Shikamoo Shangazi. Nimejifungua miezi minne iliyopita na nguo zote zimenikataa isipokuwa dera. Mama mkwe ananipikia mtori asubuhi na jioni, anasema nisipokula maziwa yatakauka. Rafiki yangu ananiuzia chai ya kukata tumbo. Na kuna mama ananifunga mkanda hadi nashindwa kucheka. Nimsikilize nani? — Dera Moja, Moshi

Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto. Tumwondoe kwanza anayekudai hela. Chai nyingi za kukata tumbo zimetiwa sanamaki au kitu kingine cha kuharisha. Mizani ikishuka asubuhi, kilichotoka ni maji na choo. Mafuta yamekaa palepale yanakutazama. Ukiendelea nayo, mwili unapoteza maji na madini, nawe unanyonyesha. Mrudishie paketi zake, urafiki ubaki.

Mkanda unashikilia tumbo na wengine unawapa nafuu ya mgongo. Kuyeyusha mafuta hauwezi. Ukikuzuia kucheka umekazwa mno, maana anayeshindwa kucheka hata pumzi haivuti vizuri.

Mama mkwe ana nusu ya ukweli. Kutengeneza maziwa kunatumia nguvu nyingi, yapata kalori 400 hadi 500 kwa siku, kwa hiyo kujinyima ovyo wakati huu ni kujitafutia kizunguzungu. Lakini mtori ni ndizi na nyama, na bakuli moja linatosha kumheshimu mpishi. Mwombe apunguze siagi na aongeze mboga pembeni. Kiu ya kunyonyesha ijibiwe kwa maji. Ukiijibu kwa chai ya vijiko vitatu vya sukari, vikombe vitatu vimekufikisha gramu 36, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ukibaki chini ya 25 hivi kwa siku ndiyo bora zaidi.

Lipo jambo ambalo wote watatu wamelisahau, nalo ni usingizi. Mtu aliyelala vipande vipande njaa yake inapanda, na njaa hiyo inataka maandazi, haitaki matembele. Mama mkwe akiuliza akusaidie nini zaidi ya mtori, mpakatishe mjukuu ulale kwa muda wa saa mbili mchana. Daktari au mkunga akikuruhusu, mfunge mtoto mgongoni kwa kanga mtembee jioni hadi sokoni na kurudi. Tumbo lilichukua miezi tisa kukua. Lipe walau muda kama huo kurudi.

Shangazi, nimekuwa najipima kila asubuhi, na kila asubuhi nalalamika mbele ya kioo. Juzi binti yangu wa miaka tisa alisukuma sahani akasema hataki kula kwa sababu yeye ni mnene kama mama. Si mnene hata kidogo. Nimwambie nini? — Mama wa Kioo, Morogoro

Mwanangu, umeshamwambia mengi. Sasa ni zamu ya kunyamaza. Mtoto haelewi hotuba kuhusu kalori, lakini anaelewa vizuri sana mama anapojishika tumbo na kujitukana. Amejifunza kwamba chakula ni adui na mwili ni kosa, na mwalimu wake ulikuwa wewe na kioo.

Mizani iondoke chumbani ikae juu ya kabati. Jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, kabla ya chai, mlango ukiwa umefungwa. Kujipima kila siku kunakudanganya hata hivyo: uzito hupanda na kushuka kilo moja au hata mbili kwa maji, chumvi na chakula kilichomo tumboni. Ukishuka nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki umekwenda mwendo mzuri. Na usingoje kurudi saizi ya gauni la harusi: mwenye kilo 90 akipungua asilimia tano tu, yaani kilo nne na nusu, mara nyingi presha na sukari huanza kutulia.

Kuhusu binti: anakua, hapunguzwi. Nyumbani pasiwe na anayeitwa bonge, hata kwa mapenzi, na hata kama anayeitwa ni mjomba na anacheka. Mwite jikoni, akuoshee mchicha, achague mboga gengeni, aruke kamba nawe uani. Aone mama anakula kwa utulivu mezani, anashiba, anaondoka. Akiendelea kukataa chakula au akianza kupungua, usingoje wiki ijayo umwandikie Shangazi. Mpeleke kituo cha afya.

MAJIBU YA MKATO

*Nilipunguza kilo tatu wiki ya kwanza kwa kuacha wanga kabisa. Nimekula wali siku mbili, zimerudi. Nimelogwa?* Hujalogwa. Mwili unahifadhi sukari ya akiba kwenye ini na misuli, iitwayo glaikojeni, na kila gramu yake inakaa na gramu tatu hivi za maji. Ukiacha wanga akiba inatumika na maji yake yanatoka. Ukila, vyote vinarudi. Mganga usimlipe.

*Maji ya ndimu asubuhi yanayeyusha mafuta?* Ndimu inakata shombo la samaki. Mafuta ya tumboni haiyajui.

*Watoto wangu hawanywi soda, nawapa juisi ya embe ya nyumbani yenye sukari kidogo. Nimefaulu?* Sukari ya juisi, hata ile ya embe lenyewe likishasagwa na kuchujwa, inahesabiwa pamoja na ya soda. Wape embe, na meno yatafanya kazi.

*Mimi ni mama ntilie. Sili mchana wala jioni, naonja tu, na bado naongezeka.* Unaonja kwa upawa. Onja kwa kijiko cha chai, kisha jipakulie sahani ukae kwenye benchi la wateja wako, ule mlo unaoonekana.

*Kuna sindano za kupunguza uzito zinauzwa na dada wa vipodozi.* Dawa za kweli zipo, na zinaandikwa na daktari baada ya kukupima. Muuza wanja asikudunge kitu.

*Nimepungua kilo saba, mawifi wanasema naumwa au kaka yao hanilishi.* Waalike Jumapili. Wakikuta samaki wa kuchemsha, kisamvu na wali wa kutosha, watakula, wataomba waongezewe, na kabla ya kuondoka mmoja atakuvuta pembeni akuulize umefanyaje.

*Shangazi, nataka kuanza Jumatatu.* Jumatatu gani? Ile iliyopita uliipangia hivyohivyo. Usiku wa leo utapika. Kijiko kipo kwenye droo, dumu lipo chini ya meza; pima.