Mjomba Spana Akujibu

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa watu walionunua HiAce iliyostaafu udaladala, wakang'oa viti, wakaweka kitanda, na sasa wanataka kuhamia humo moja kwa moja na kuzunguka nchi. Wote wanasema wamebakiza vitu vidogo vidogo. Nimewajibu wale ambao vitu vyao vidogo vinaweza kuua, pamoja na mmoja mwenye pasi.

*Shikamoo Mjomba. Kipanya changu kimekwisha, bado kumalizia tu. Hata mwaka jana kilikuwa bado kumalizia. Mwenye nyumba ananiuliza kila mwezi kama nahama au sihami. Orodha ya vilivyobaki nimeiambatanisha.*
*Bado Kidogo, Tabata*

Marahaba, mpwa wangu. Orodha nimeisoma. Taa za rangi chini ya kabati, stika ya ramani ya Afrika, kishikio cha karatasi ya chooni (choo chenyewe hakimo), na mto wenye jina la gari. Komeo la droo sijaliona. Bila shaka droo zako zinafungwa kwa kusukuma, kama za sebuleni. Sebule haipiti matuta. Ukifika tuta la kwanza la Kibaha, sufuria itakuwa imeshamfikia dereva.

Funga komeo kila droo. Kisha pakia vyombo vyote, hadi chupa ya mafuta ya kula, uendeshe kwenye barabara mbovu kuliko zote za mtaani kwako huku mwenzako amekaa nyuma anasikiliza. Kinachogonga, kikaze. Ukirudi, mpandishe kijana ngazini na mpira wa maji alimwagilie paa robo saa nzima. Wewe uwe ndani na tochi, unamulika pale ulipotoboa kwa ajili ya waya za sola na feni. Ukiona tone, basi silikoni ilipakwa juu ya vumbi: ibandue, safisha bati, paka upya. Usiku lala humo humo, uani kwako. Dirisha lisilo na wavu utaonyeshwa na mbu.

Hayo yakipita, mrudishie mwenye nyumba ufunguo wake. Taa za rangi utafunga ukifika Singida.

*Habari za kazi, Mjomba. Fundi wangu wa samani ni hodari. Kanitengenezea kitanda, kabati na meza, vyote vya mkongo, maana sipendi vitu vya kubahatisha. Sasa gari limeinama nyuma. Niongeze springi?*
*Bi Vya Kudumu, Morogoro*

Nzuri, mwanangu. Kitanda cha mkongo ni cha kurithisha wajukuu, na wajukuu hao wangekibeba wanne kwa shida. Kipanya kimeundwa kubeba tani moja hivi. Ndani ya tani hiyo umo wewe, mwenzako, betri, mtungi wa gesi, tairi la akiba na tanki la maji. Tanki la lita 100 likijaa ni kilo 100, hilo halina mjadala. Springi zitainua gari, lakini breki zitabaki zile zile, na Kitonga unaijua. Siku unaishuka ukitokea Iringa, kabati zuri halitakusaidia lolote.

Tumia plaiwudi ya milimita 12 juu ya fremu ya mbao nyepesi. Halafu tafuta wanunuzi wa vyuma chakavu wenye mizani ya magari, upime gari likiwa limepakiwa kila kitu: kwanza lote, kisha ekseli ya nyuma peke yake. Linganisha na uzito ulioandikwa na kiwanda. Kitanda mpelekee mama.

*Mjomba, nina betri ya asidi ya Ah 100, volti 12, na inveta ya wati 2,000. Mimi ni mtu nadhifu. Naweza kupiga pasi?*
*Mnyoofu, Dodoma*

Tupige hesabu, kijana. Betri yako ina wati-saa 1,200, lakini ukiitoa zaidi ya nusu mara kwa mara itakufa mapema, kwa hiyo za kutumia ni 600. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo itazimaliza kwa dakika 36. Inveta nayo inakula yake, basi sema nusu saa. Umenyoosha mashati matatu na suruali, friji limezima, nyama inanuka.

Tena pasi hiyo inavuta zaidi ya ampea 83 kutoka kwenye betri. Ikiwa ulitumia waya uliobaki kwenye spika za muziki, utawaka kabla ya shati la pili. Weka waya mnene, na fyuzi ikae karibu kabisa na chanya ya betri, maana kazi yake ni kuulinda waya wote. Mashati yakunje uyaweke chini ya godoro, kama bwenini.

*Mjomba, mvua ikinyesha niingize jiko la mkaa ndani, niache dirisha wazi kidogo?*
*Baridi, Mbeya*

Usithubutu. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na mkaa unaoonekana umezima bado unaitoa. Dirisha wazi kidogo halitakuokoa. Vaa sweta.

*Mjomba, sisi tumemaliza kila kitu. Wiki ijayo tunavuka Rusumo kwenda Kigali na watoto wawili. Mke wangu anasema kuna jambo nimesahau.*
*Tumemaliza, Kahama*

Hongereni. Ukivuka Rusumo unaanza kuendesha kulia. Mlango wa kusukuma wa HiAce uko kushoto, kwa hiyo watoto watashukia katikati ya barabara. Weka komeo wasilolifikia. Wangeweza kutokea mlango wa nyuma, ila najua kitanda kimeuziba. Kipunguze, maana hata moto ukitokea mtahitaji njia ya pili. Usukani wako utakuwa upande wa majani, lori lililo mbele likuzibe kabisa, na mkeo ndiye atakayeona kama njia ni nyeupe. Akisema subiri, subiri. Bima ya Yellow Card ikate kabla ya mpaka.

Kama jambo alilosema mkeo ni mojawapo ya haya, sijui. Muulize yeye, tena umuulize mkiwa bado Kahama.