Gari la Zamani, Oili ya Kubahatisha

Haya, sogea kidogo kwenye benchi tusonye pamoja, maana leo nina la moyoni. Mtu ana Corolla 110, gari la watu, lilishakula chumvi Japani kabla halijapakiwa melini, likashuka bandarini Dar es Salaam, likapita mikononi mwa wenyewe watatu wanne. Bwana huyu amelivalisha rimu mpya. Redio ya zamani kang'oa, katia ya kioo. Nyuma kafunga spika, akipita hapa mtaani vikombe vya mama muuza chai vinacheza. Sasa inafika siku ya kumwaga oili, mtu huyohuyo anamwambia fundi, "Tafuta tu ya bei nafuu, gari lenyewe la zamani hili." Lahaula! Spika za bei mbaya, oili ya nafuu. Na injini ikianza kugonga utamsikia analaani Wajapani. Wajapani wamekukosea nini, ndugu yangu?

Halafu kila kijiwe kina daktari wake wa oili, na madaktari hao wote wana dawa moja: nzito. Gari linatoa moshi wa bluu? Tia nzito. Linavuja kwenye sili? Tia nzito. Linapiga kelele? Nzito, bosi, nzito! Kuna jirani yetu alianza na 10W-30, ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lake. Moshi ulipochungulia kidogo tu, akapandishwa 20W-50. Mwaka uliofuata akahamishiwa namba 40 kavu, ile wanayotia kwenye mashine za kusaga. Baadaye akashauriwa aongeze kikopo cha dawa inayovutika, ambayo madalali wa magari huitia siku ya kuuza ili moshi ujifiche mpaka mnunuzi afike kwake. Kila alfajiri gari lake lilikuwa linawaka kwa kilio, chuma kinasaga chuma mpaka oili ipande juu, mtaa mzima tunaamka naye. Mwisho injini ikashushwa. Kumbe ringi zimekwama kwa masizi na vitundu vya pistoni vya kurudishia oili vimeziba. Ee Mola! Uzito wa oili ungezibua nini pale?

Na ugonjwa huo wa vitundu unajulikana. Injini za 1ZZ za Toyota, hasa zile za mwanzo zilizotoka kuanzia 1998, zinasifika kwa kula oili kwa sababu hiyo hiyo, vitundu vidogo vinavyozibwa na masizi. Mwenye gari la namna hiyo anatakiwa amwage oili mapema, atie safi, apime kila wiki. Lakini nani ana subira hiyo? Tunataka dawa ya kikopo.

Hebu tuelewane kuhusu zile namba, maana watu wanazisoma kama namba za basi. Ya mbele, iliyo kabla ya W, ni ya baridi: inasema oili inatembeaje injini ikiwa imelala. Ya nyuma ni uzito wake injini ikishachemka, hupimwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa hiyo 10W-30 na 20W-50 hazitofautiani kwa ubora, zinatofautiana kwa kazi. Njia za oili ndani ya injini zina upana uleule waliouchonga kiwandani. Ukilazimisha humo oili nzito kupita kiasi unamnywesha mtu uji wa ulezi kwa mrija wa soda. Itafika, ndiyo, lakini kwa kuchelewa, na huko juu kwenye kamshafti vyuma vimeshasuguana vikavu.

Na nisisikie mtu akiniambia mambo ya baridi. Oili ya 20W hupimwa kwenye nyuzi 15 na 20 chini ya sifuri. Makete yenyewe, umande ukiganda juu ya viazi asubuhi, haijafika huko. Sisi wa Dar, tunaolala na feni mwezi Julai, tunamlipia nani 0W-20 kwenye gari la 1997? Kuna kijana aliinunua kwa fahari, kaambiwa ndiyo oili ya kisasa, eti inapunguza kula petroli. Ni kweli inapunguza, kwa injini iliyoundwa kwa ajili yake. Yake yeye ina nafasi za kizamani kati ya metali na krenki, na ile oili nyepesi ikawa inachuruzika, taa ya oili inapepesa kila anaposimama kwenye foleni ya Ubungo. Jamani!

Sina ugomvi na 20W-50, msije mkanisingizia. Vitabu vingi vya magari ya zamani vina mchoro wa joto na baridi, na kwa nchi za joto 20W-50 imo humo, halali kabisa. Peugeot 504 zile zilizopasua barabara za vumbi tangu enzi za wazee wetu, na Land Rover za tapeti bapa, hizo zinaipenda. Hapo kuna jambo ambalo wauza oili wengi hawalisemi. Kopo lina herufi mbili kwenye duara: SL ilikuja 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020. Herufi ya pili kadiri inavyosonga mbele, ndivyo oili ilivyo mpya zaidi, na kwa kawaida mpya inafaa pale pa zamani. Ila kuanzia SM, oili nyepesi za 20 na 30 zilipunguziwa fosforasi hadi isizidi asilimia 0.08, ili isiharibu kile kisafisha moshi kwenye ekzosi. Fosforasi hiyo huja na zinki, na zinki ndiyo inayolinda tapeti bapa zinazosuguliwa na kamshafti. Oili nyingi za 20W-50 hazibanwi na kipimo hicho. Kwa hiyo mwenye 504 akiniambia anatia 20W-50, nampa mkono. Mwenye Corolla 110 akiniambia anaitia kwa kuwa fundi kasema "nzito ndiyo nzuri", naguna.

Na ukiona kopo limeandikwa SF au SG peke yake, na muuzaji anakuapia ni mzigo mpya, ondoka. Viwango hivyo ni vya miaka ya themanini.

Aah, sasa tuje kwenye filta. Hapa ndipo ninapochoka kabisa. Nenda Kariakoo, upande wa Gerezani, simama kwenye duka la spea nusu saa tu. Utasikia: "Hii inaingia tu, bosi." Inaingia! Na kama inaingia? Nyuzi za mdomo wa filta zinafanana kwa magari mengi, kwa hiyo filta ya gari lingine itajifunga vizuri kabisa kwenye gari lako na bado isikufae. Ndani ya kopo la filta mna karatasi iliyokunjwa mikunjo mingi, mna valvu inayofunguka filta ikiziba ili injini isikose oili kabisa, na mna kimpira kinachozuia oili isirudi chini gari likizimwa. Za ovyo ukizikata na msumeno unakuta mikunjo michache imelala ubavu, gundi imemwagika, kimpira kigumu au hakipo. Ndiyo maana gari linawaka asubuhi kwa kelele ya kakakaka, na mwenyewe anasema, "Limezoea."

Eti limezoea! Injini haizoei kukaa bila oili.

Filta halisi ya Toyota ina namba inayoanza na 90915. Soma namba yote, uilinganishe na ya kitabu, wala usiishie kwenye rangi ya boksi, maana boksi linachapishwa hata uchochoroni. Tume ya Ushindani imekuwa ikikamata bidhaa bandia miaka nenda rudi, na wanaozitengeneza hawajafunga duka. Shika filta mkononi. Nyepesi kupita kiasi, namba imepigwa chapa ikapinda, mpira umekauka? Rudisha, hata akununie.

Kuna wengine hawafiki hata dukani. Wanabadili oili, filta wanaiacha "mpaka oili ya pili". Lita nzima ya maji safi ukaichota kwa kata chafu, ndivyo ilivyo! Tena mmoja nilimwona kwa macho haya anaiosha filta kwa petroli, anaikung'uta, anaianika juani, anairudishia. Loh! Karatasi ile ikishalowa petroli ikakauka, imekwisha kazi yake, na uchafu uliokuwa nje umeingia ndani. Tofauti ya bei kati ya filta ya ovyo na ya kweli haimalizi hata hela ya vocha anayoimaliza wikiendi.

Ufungaji nao ni kisa. Mpira wa filta mpya hupakwa oili safi, filta ikazungushwa kwa mkono mpaka iguse, kisha robo tatu ya mzunguko, basi. Mafundi wetu wanaikaza kwa mnyororo, siku ya kuifungua wanaitoboa bisibisi tumboni. Na mara nyingine mpira wa filta ya zamani hubaki umeganda kwenye injini, fundi haangalii, anafunga mpya juu yake. Mipira miwili haishikani. Gari linatoka gereji likiwa limeoshwa, linang'aa, likifika Kimara limeacha mstari mweusi barabarani na injini haina tone. Dakika mbili za kuinamisha kichwa na tochi zingeiokoa.

Oili ya kopo la lita 4 nayo inamiminwa yote, "isibaki, bosi, utaibiwa." Injini ya Corolla ile inataka lita 3 na kidogo! Iliyozidi inachapwa na krenki, inatoa povu, na povu halilindi chuma. Na wa kusafisha injini kwa mafuta ya taa kabla ya kutia oili mpya, sitaki hata kumzungumzia. Mabaki yake yanabaki kwenye njia na kuiyeyusha oili uliyoilipia.

Na msilie oili ikigeuka nyeusi. Hiyo ndiyo kazi yake, kubeba masizi ili yasigande ndani. Kwenye Hiace ya dizeli huwa nyeusi siku hiyohiyo. Inayobaki nyekundu baada ya kilomita 4,000 ndiyo ya kutiliwa shaka.

Lakini lililonimaliza nguvu ni la taa. Taa nyekundu ya oili, ile yenye picha ya kibirika, ikiwaka maana yake presha imekufa, zima gari hapo hapo, hata kama uko katikati ya Barabara ya Mandela. Mtaani kwetu kuna dereva wa bajaji aliyekuwa na gari lake la kutembelea, taa ikawa inamsumbua usiku. Fundi akamsaidia. Akachomoa balbu! Wote wawili wakafurahi. Na mwingine kadi ya sevisi inasema amwage oili kwenye 153,000, lakini kipima kilomita kimekufa kwenye 149,000 tangu zamani, kwa hiyo anaendesha kwa amani, haijafika bado. Ee Mungu wangu, haitafika!

Kwa foleni na vumbi letu, oili ya kawaida kila kilomita 5,000 na filta mpya kila mara inatosha, na ukiwa huna kipima kilomita hesabu miezi. Kesho asubuhi, kabla hujawasha, egesha penye usawa, fungua boneti, chomoa dipstiki, ifute, irudishe, ichomoe tena. Ikiwa chini ya alama ya chini, acha ufunguo mezani, nenda kwa miguu ukanunue lita moja ya namba ileile iliyomo ndani.