Ombi la Mthamini kwa Kata ya Gitting

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia mifuko ya hifadhi ya jamii,
Dodoma.

YAH: SHUKRANI KWA DARAJA NA OMBI LA MTHAMINI



Sisi wachangiaji wa Gitting, chini ya Mlima Hanang, wengine wa NSSF na wengine wa PSSSF, tunaleta shukrani. Tukiwa mnadani tunapatana bei ya debe la maharage, hakuna anayetudhania matajiri. Kumbe Daraja la Nyerere pale Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016, asilimia 60 ya gharama yake ilitoka NSSF. Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kimejengwa kwa mikopo ya mifuko yetu. Wajukuu wakisoma humo, tutajikaza tusiwadai kodi ya pango.

Hatuna ugomvi na miradi yenye faida kwa jamii. Daraja linavukwa, chuo kinasomesha. Kinachotutatiza ni kwamba mna hesabu za aina mbili.

Ya kwanza ni ya kwetu, na ni kali. Kikokotoo cha pensheni cha mwaka 2018 kilitaka mkupuo wa mstaafu uwe asilimia 25, wakati watumishi wengi wa umma walizoea 50. Kelele zikapigwa, Rais Magufuli akakisimamisha Desemba hiyohiyo. Julai 2022 ikaja 33, na bajeti ya 2024 ikawapandisha hao waliozoea 50 hadi 40. Kila mara tulielezwa kwa upole kuwa tukichota zaidi, mfuko utayumba.

Ya pili ni ya kwenu, na ina huruma. Deni la mafao ya watumishi wa kabla ya 1999, ambalo Serikali ilipaswa kulibeba, lilikaa miaka na miaka. Mwishoni mwa 2021 PSSSF ikapewa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17, si fedha taslimu. Tumejaribu mtindo huo kwa mwenye duka la mbolea: atupe mifuko leo, tumwandikie karatasi. Amekataa. Ni mtu asiye na uzalendo.

Halafu kuna Dege, Kigamboni, mradi wa nyumba wa NSSF na mbia wake. Zilipangwa nyumba zaidi ya 7,000. Mwaka 2016 mradi ukasimama, maghorofa yakabaki maboma. CAG alieleza kuwa ardhi ya mbia huyo ilihesabiwa kwa shilingi milioni 800 kwa ekari. Ndipo linapokuja ombi letu: aliyepiga hesabu hiyo mleteni Gitting. Udongo wetu ni wa volkano, ngano inastawi, na hakuna ghorofa lililokwama juu yake. Mwenye ekari mbili tu akithaminiwa hivyo, kikokotoo hakimhusu tena.

Zamani tungemlilia SSRA, mdhibiti aliyeundwa kwa sheria ya 2008. Baada ya kuunganisha mifuko mwaka 2018, mkamwondoa, kazi yake ikaenda ofisi zenu na Benki Kuu. Sasa mkopaji mkubwa, msimamizi wake na mdhamini wake wote ni Serikali. Vikao vyao lazima ni vifupi sana.

Huku kwetu ukimwachia mtu ng'ombe, akizaa unaambiwa, akifa unaletewa ngozi. Basi bandikeni kila mwaka kwenye ubao wa ofisi ya kata: mradi upi, kimeingia kiasi gani, kimerudi kiasi gani, na nani hajalipa. Jina la mdaiwa huyo tunalijua. Tungependa tu kulisoma kwa mwandiko wenu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Wachangiaji wa Kata ya Gitting, Hanang