Dishi

Nilipopiga simu kazini Jumatatu ile sikusema uongo. Nilisema, "Bosi, nina mgonjwa nyumbani, amefanyiwa upasuaji wa mguu, naomba siku nne za kumuuguza." Kila neno lilikuwa la kweli. Kama bosi angeuliza mgonjwa ana miguu mingapi, ningemjibu.

Mgonjwa alikuwa mbwa koko mwenye rangi ya mchanga, aliyegongwa na bodaboda Barabara ya Kilwa akavunjika mfupa wa paja. Watu wa kituo kimoja cha kuokoa wanyama walimwokota, daktari wa mifugo akamtia chuma ndani ya mfupa, na rafiki yangu anayejitolea pale akanibembeleza: kituo kimejaa, mlee wiki mbili tu, nyuzi zikitolewa tunamchukua. Mimi napanga chumba kimoja Tandika, nyumba ya vyumba sita, choo kimoja. Mwenye nyumba anaishi Lindi, ndiyo maana hadithi hii inaendelea.

Mgonjwa alikuja na karatasi ya masharti ndefu kuliko mkataba wangu wa pango. Asikimbie, asiruke, asipande ngazi, wiki sita mpaka nane, kwa kuwa mfupa hauungi kwa kubembelezwa. Haja ni kwa kamba, kisha ndani. Dawa za binadamu marufuku. Vile vidonge vya maumivu tunavyotafuna kama karanga vinaweza kumtoboa tumbo na kumuua figo. Vitunguu navyo marufuku, vinaharibu damu yake. Hili la vitunguu liliniharibia ujirani siku ile ile. Mama wa chumba cha tatu alisikia kuna mgonjwa akaleta bakuli la supu, imekolea vitunguu, ikabidi nimwambie mgonjwa hali.

"Hali, au anaringa?"

Supu niliinywa mimi, usiku, taa imezimwa.

Kwa kuwa hakuruhusiwa kuruka kitandani, na nikilala juu yeye alilia chini, nikashusha godoro. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe, lakini huyu siku ya tatu jembe alinipa mimi: kufagia manyoya, kufua mashuka, kusonga ugali wa watu wawili na kuchambua dagaa mmoja mmoja.

Halafu lile kola la plastiki, la kumzuia asitafune nyuzi. Waingereza wamelipa jina la Malkia Elizabeth wa Kwanza, kwa ajili ya makola mapana ya zama zake. Watoto wa Tandika hawana habari na Elizabeth. Walimtazama mara moja tu wakapiga kelele: "Dishi!" Jina likashika. Nilipomsimulia mama kwenye simu, akasema kama kuna dishi lililoyumba humo chumbani, basi si la mbwa.

Dishi lenyewe lilikuwa chepe. Lilizoa ndala, lilizoa vibanio vya nguo, na siku moja lilizoa nusu sahani ya wali maharage ya jirani bila mwenyewe kukusudia (nasema kama wakili wake). Usiku wa pili umeme ulikatika tukiwa tunarudi uani. Kamba ikaniponyoka, naye akajikokota koridoni gizani, plastiki ikikwaruza ukuta: khrrr, khrrr. Dereva wa bajaji wa chumba cha tano, kijana mwenye kifua kama kabati, akafungua mlango na tochi ya simu, akakutana na kiumbe chenye kichwa cha ungo, kinahema. Wote tunajua nani husafiri na ungo usiku. Alitoka mbio na taulo. Alirudi alfajiri, amesindikizwa na watu wawili na chumvi ya mawe.

Bibi wa chumba cha mbele alikuwa na hoja nzito zaidi. Katika madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Akaweka kopo la mchanga kando ya bomba, akachora mstari wa chaki koridoni. "Mjukuu wangu, huko kwake, huku kwangu." Dishi aliuheshimu mstari ule kuliko bodaboda wanavyoheshimu taa nyekundu. Jumatano nikakuta mkeka mkuukuu mlangoni kwangu. "Mbwa simtaki," bibi akasema bila kunitazama, "lakini mgonjwa halali kwenye saruji." Akanihadithia habari ya yule aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Kisha akanikumbusha kunawa.

Alhamisi jioni, hodi. Wenzangu sita wa kazini, wamebeba machungwa na katoni ya maji.

"Tumekuja kumpa pole mgonjwa."

Nilisimama mlangoni kama Sanamu ya Askari pale Posta. Nikasema amelala. Wakasema hawatamsumbua, wataomba tu. Dada wa masjala alikuwa ameshavua viatu.

Chumbani giza la jioni, mgonjwa kwenye godoro, amefunikwa kanga, kichwa ukutani. Dada akafumba macho, wote wakainamisha vichwa. Akaomba vizuri, lazima niseme. Akaomba mkono wa uponyaji umshukie mja huyu, mguu upate nguvu, asimame.

Aliposema "asimame", Dishi akasimama.

Kanga ikaanguka, mkia ukaanza kazi. Amina iliyofuata haikuwa ya pamoja.

Watano walicheka mpaka machungwa yakabingirika uvunguni. Wa sita alikuwa mhazini wa mfuko wetu wa kusaidiana, na yeye hacheki mbele ya fedha. "Tulikutumia 140,000 Jumanne," akasema. "Katiba ya mfuko ni mzazi, mwenza au mtoto. Huyu ni nani wako?"

"Ni mgeni. Wa wiki mbili."

"Mgeni hayumo."

Fedha zenyewe zilishageuka dawa, chanjo ya kichaa cha mbwa, na nauli ya bajaji ambayo dereva wake alitutoza abiria watatu: mimi, mbwa na dishi.

Siku ya 14 nyuzi zikatoka, na kola likavuliwa. Kumbe alikuwa na masikio makubwa, moja limesimama, moja limelala. Watoto walisikitika mno. Rafiki yangu akaniambia kuna familia Mbezi, ina ukuta na bustani, iko tayari kumchukua hata kesho. Nikamjibu haiwezekani, ninadaiwa. Nikaomba fomu ya kumchukua.

Nakala nilimpelekea mhazini Jumatatu. Alisoma mbele, akasoma nyuma, akakagua saini, akaipiga muhuri na kuichomeka kwenye faili langu.

"Sawa. Mtoto," akasema. "Katiba inaruhusu wanne. Umebakiwa na watatu."